Buibui wa Mirihi walitoka Hull

Anapotajwa mwanamuziki Mwingereza David Bowie wa mwaka 1972, wengi huanza na nywele zake nyekundu na mavazi yake ya kumeremeta, kisha huishia hapo hapo. Mimi ningependa tuanze na waliosimama nyuma yake. Bendi yake, The Spiders from Mars, yaani Buibui wa Mirihi, ilikuwa ya vijana watatu kutoka Hull na viunga vyake, kaskazini mwa Uingereza: Mick Ronson alipiga gitaa, Trevor Bolder besi na Mick Woodmansey ngoma. Kabla ya kuitwa London, Ronson alikuwa mtunza bustani wa halmashauri ya jiji la Hull. Hao ndio waliotakiwa kuwaaminisha watu kwamba Ziggy Stardust, mwanamuziki wa kubuni aliyeigizwa na Bowie jukwaani, amepokea ujumbe kutoka kwa viumbe wa angani, na kwamba dunia imebakiza miaka 5 tu.

Tarehe 10 Februari 1972 walipiga katika baa ya Toby Jug huko Tolworth, pembezoni mwa London, mbele ya watu wachache. Bendi nyingine ingesubiri ipate ukumbi mkubwa na fedha ndipo ivae hivyo, lakini wao walipanda jukwaa dogo la baa wakiwa wamevaa kana kwamba tayari wanajulikana dunia nzima. Bowie alikuwa amefundishwa maigizo ya kimya na Lindsay Kemp, na nadhani alielewa kwamba vazi humbadilisha kwanza anayelivaa, hadhira baadaye.

Hata hivyo, vazi peke yake lisingefika mbali. Wimbo wake kuhusu mwanaanga, uliotolewa mwaka 1969 siku chache kabla ya Apollo 11 kutua mwezini, ulikuwa umepanda chati, na baada ya hapo akakaa miaka mitatu bila wimbo mwingine wa kutamba. Kilichobadilika, kwa maoni yangu, ni gitaa la Ronson: zito, la moja kwa moja, likibeba viitikio ambavyo msikilizaji angeweza kuvidaka mara ya kwanza. Hadithi ilikuwa ya ajabu, kwa hiyo muziki ulilazimika kuwa wa kueleweka. Vyote viwili vingekuwa vya ajabu, wateja wa Toby Jug wangegeukia bia zao.

Tarehe 6 Julai 1972 walionekana katika kipindi cha muziki cha BBC, wakati ambapo nchi nzima ilikuwa na chaneli tatu tu za televisheni. Bowie alimwekea Ronson mkono begani, jambo dogo ambalo vijana wengi waliolishuhudia sebuleni hawakulisahau.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 3 Julai 1973, Bowie aliutangazia ukumbi wa Hammersmith Odeon, London, kwamba hilo ndilo onyesho lao la mwisho. Wapo wanaokisifu kitendo hicho kuwa kilele cha maigizo yote, nami sikatai kwamba Ziggy alihitaji kufa jukwaani. Lakini Bolder na Woodmansey hawakuwa wameambiwa. Walipata habari ya kupoteza kazi pamoja na hadhira, wakiwa bado wamevaa sare za kazi hiyo.