Mbolea ya ruzuku iambatane na makinga maji?

Tangu msimu wa 2022/23 mkulima wa Tanzania aliyesajiliwa hununua mbolea ya ruzuku kulingana na shamba aliloandikisha, liwe tambarare au mlimani. Wanaotaka ruzuku iwe na sharti la makinga maji, yaani mifereji na matuta yanayokatiza mteremko, wana hoja nzito: kwenye miteremko ya milima ya Uporoto, Mbeya, mbolea inayowekwa bila makinga maji huondoka na udongo mvua kubwa zikinyesha. Mito ya huko na ya milima ya Kipengere hushuka bonde la Usangu kwenye mpunga, kisha maji yakaelekea mabwawa ya umeme ya Mtera (megawati 80) na Kidatu (204). Kwa nini serikali ilipie kinachosombwa?

Tatizo ni hesabu ya jembe. Kwenye mteremko wa asilimia 15, kontua (mistari ya usawa inayofuatwa na mifereji) zikipishana mita 10, ekari moja hubeba takriban mita 400 za mfereji. Ukiwa na upana wa sentimita 60 na kina cha 50, hiyo ni mita za ujazo 120. Mtu mmoja huchimba mita za ujazo 2 hadi 3 kwa siku, kwa hiyo ni siku 40 hadi 60. Kwa kibarua wa shilingi 5,000 tu, ni 200,000 hadi 300,000, na tuta na mfereji bado vinakula sehemu ya shamba. Punguzo la bei ya mifuko miwili ya mbolea haligusi gharama hiyo. Mwenye ekari moja atapunguza mbolea tu; mwenye ekari thelathini ataajiri vibarua na kuendelea kupata ruzuku.

Aliyekodi kwa msimu mmoja ndiye mgumu zaidi. Fanya juu (mfereji ambao udongo wake hutupwa upande wa juu ukawa tuta) hulipa polepole, tuta likishajaa udongo, na wakati huo shamba limesharudi kwa mwenyewe. Ukimlipa mwenye shamba peke yake, mpangaji huchimba bure. Mkataba unahitaji sahihi za wote wawili, kwa misimu mitatu angalau.

Basi walipwe fedha taslimu? Ndiyo, ila si kwa mita zilizochimbwa. Malipo ya mita huzaa mifereji iliyopimwa kwa macho: maji hukusanyika penye bonde dogo, tuta hupasuka, na korongo linalobaki ni baya kuliko hali ya mwanzo. Hata kontua iliyopimwa vizuri kwa fremu ya A (miti mitatu yenye timazi ya kupimia usawa) haihimili kama jirani wa juu hajachimba. Kwa hiyo kinachopaswa kulipwa ni mteremko mzima, kuanzia kileleni: theluthi moja afisa ugani akishakagua vigingi vya kontua kabla ya jembe kugusa ardhi, iliyobaki baada ya msimu wa pili wa mvua, matuta yakiwa na majani ya guatemala au matete yaliyoshika. Kulipa matokeo pekee ni kumwambia mtu ale mwakani.

Waliochimba zamani nao wapewe fedha ya matengenezo. (Wamatengo wa Mbinga wamelima ngoro, mashimo ya mlimani yanayokinga maji, vizazi na vizazi bila kungoja fomu ya mtu.) Wakiachwa, mzembe ndiye atakayelipwa, na wengine watajifunza kufukia mifereji yao kabla ya usajili.

Wapinzani huuliza fedha ikikoma itakuwaje, na swali hilo si la kupuuza. Marekani hulipa wakulima wapumzishe ardhi kwa mikataba ya miaka 10 hadi 15 tangu 1985. Bei ya mahindi ilipopanda, eneo kubwa lilirudi kwenye plau mikataba ilipoisha. Nafuu ya makinga maji ni kwamba shamba huendelea kulimwa, na majani ya tutani hulisha ng'ombe wa maziwa. Asiye na ng'ombe ndiye atakayeng'oa majani kwanza, hivyo ukaguzi uanzie kwake.