Neno "shamba": la Mfaransa au la kwetu?

Mtu wa Unguja akisema "yuko shamba", hamaanishi kwamba mwenzake ameshika jembe. Anamaanisha hayupo mjini: ameupita mtaa wa Ng'ambo, yuko Donge au Makunduchi, pengine amejilaza barazani. Jembe likihusika, husema "yuko shambani". Hiyo -ni ndiyo inayotenga kipande cha ardhi na upande mzima wa kisiwa. Ipo na maana ya tatu, ya karne ya 19: milki ya tajiri wa mjini, yenye mikarafuu na nyumba ya kupumzikia. Ukubwa wake ulihesabiwa kwa miti kuliko kwa eka. Mkulima asiye na ardhi aliweza kuruhusiwa kupanda muhogo katikati ya mikarafuu. Mnazi hapana, kwani mti wa kudumu huzaa madai.

Milki hizo ndizo zinazoipa nguvu hoja kwamba neno limetokana na "champ" la Kifaransa, yaani konde. Si hoja ya kudharau. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kununua watumwa, na mikarafuu yenyewe ililetwa Unguja kutoka visiwa walikokuwa Wafaransa. Tena Lamu, kwenye Kiswahili kikongwe, shamba ni munda, ndugu wa mũgũnda wa Kikuyu. Kwa hiyo shamba huenda kweli ni mgeni.

Tatizo ni sikio. Herufi p ya "champ" haitamkwi. Anayeisikia hupata "sha" yenye sauti ya puani, basi. Hiyo -mba imetoka wapi? Halafu walowezi wa Mauritius milki zao waliziita "habitation", Kikrioli "bitasyon". Tungeazima kutoka kwao, tungeazima hilo. Na ng'ambo ya Ruvuma, katika Kireno cha Msumbiji, "machamba" ni konde la mkulima wa kawaida, wala haidai mikarafuu.

Wanaotetea asili ya Kibantu nao huegemea wingi wake wenye ma- ya Kibantu, mashamba. Fimbo hiyo imeoza: tunasema magari, na gari limetoka Bara Hindi. Isambu la Kinyarwanda, yaani konde, lina uzito zaidi, maana wafanyabiashara wale wa Kifaransa hawakufika huko. Linalokosekana ni kanuni ya sauti ya kuliunganisha na shamba. Hata hivyo, pengo hilo ni dogo kuliko lile la "champ".