Mashine ya Presha Ibaki Stoo Kwanza

Theluji ikishayeyuka na siku zikaanza kurefuka, wenye nyumba wengi hutoka nje, huzitazama kuta zilizochakazwa na baridi, kisha huenda moja kwa moja stoo kutoa mashine ya presha. Siwashangai. Uchafu unakera, na ni kazi chache za nyumbani zinazoonyesha matokeo upesi kama kupuliza maji ukutani. Lakini kwa maoni yangu kuosha kunapaswa kuwa karibu na mwisho wa orodha, na kwenye nyumba nyingi mashine hiyo ingeachwa palepale ilipo.

Uchafu wa baada ya baridi una habari zake. Michirizi ya kahawia chini ya gata inakwambia maji yamekuwa yakifurika badala ya kushuka kwenye bomba. Unga mweupe kwenye matofali ni chumvi: maji yamepita ndani ya ukuta, yameibeba mpaka nje, yakakauka na kuiacha. Ukungu wa kijani upande mmoja tu wa nyumba unaonyesha unyevu usiopata nafasi ya kukauka. Rangi iliyovimba malengelenge mara nyingi imesukumwa na unyevu uliotoka nyuma yake. Ukiosha vyote hivyo asubuhi ya kwanza yenye jua, umefuta maandishi ubaoni kabla ya kuyasoma. Piga picha kwanza, zunguka nyumba nzima, ujiulize maji yametoka wapi.

Maana shida hapa ni maji, wala si vumbi. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na yakiwa yamejibana kwenye ufa mwembamba hayana pa kwenda ila kuusukuma. Barafu ikiyeyuka, maji hupenya ndani zaidi, usiku yakaganda tena. Ndiyo maana mimi huogopa zaidi majira ya baridi yanayopanda na kushuka, leo barafu kesho matope, kuliko yale yanayoganda moja kwa moja mpaka mwisho. Kinachochosha matofali na zege ni huko kurudiarudia.

Anzia juu, lakini miguu yako ibaki chini. Darubini ya mkononi inatosha kuona vigae vilivyoinuka au kuvunjika. Angalia sana kingo za paa. Nyumba inayovujisha joto kupitia darini huyeyusha theluji katikati ya paa. Maji hayo hushuka mpaka ukingoni kwenye baridi, yakaganda, yakajenga ukuta mdogo wa barafu. Yanayofuata hukosa njia, yanarudi nyuma na kupenya chini ya vigae. Ukiona madoa kwenye dari karibu na kuta za nje, huenda hayo ndiyo yaliyotokea. Watu hununua nyaya za kupasha moto kingo za paa wakadhani wamemaliza. Mimi ningetumia pesa hizo kuziba matundu yanayopeleka hewa ya moto darini na kuongeza kizuia joto huko, kwani ndiko chanzo kilipo.

Gata zisafishwe, hilo kila mtu analijua. Kinachosahaulika ni kumwaga maji ndani yake baada ya kuzisafisha na kuona yanaishia wapi. Bomba linalomwaga maji mguuni mwa ukuta linalowesha msingi wako kila mvua inaponyesha. Lirefushe mpaka maji yamwagike mita moja na nusu au mbili kutoka nyumbani. Udongo nao hutitia baada ya barafu kutoka ardhini, na ule mteremko uliokuwapo unaweza kuwa umegeuka kuelekea ndani. Kipimo kinachokubalika na wajenzi wengi ni kushuka kwa sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. Toroli chache za udongo zinaweza kukuepusha na chumba cha chini chenye maji, na sijui kwa nini kazi hii haipendwi kama kupaka rangi.

Bomba la bustani lina jaribio lake dogo. Lifungue, uzibe mdomo wake kwa kidole gumba. Ukiweza kuyazuia maji bila taabu, shuku kwamba bomba limepasuka ndani ya ukuta na maji yanamwagika usikokuona. Funga mara moja.

Methali ya kuziba ufa tunaijua sote, ila kuna nyufa zisizotaka haraka. Ukipaka silikoni juu ya mbao iliyolowa, umeufungia unyevu ndani ukaoze nayo kwa utulivu. Choma mbao kwa bisibisi: ikizama kama kwenye mkate, hiyo inahitaji kukatwa. Na vile vitundu vilivyoachwa makusudi chini ya ukuta wa matofali visizibwe kabisa, ndipo maji yanapotokea. Nyumba ya zamani iliyojengwa kwa chokaa nayo ijazwe viungo vyake kwa chokaa. Saruji ngumu hulazimisha unyevu upite kwenye tofali lenyewe, na uso wa tofali huanza kubanduka.

Sasa osha. Brashi laini, sabuni na mpira wa maji vinatosha kwa kuta nyingi. Paka sabuni kuanzia chini kwenda juu ili isiache michirizi, kisha suuza kutoka juu. Mashine ya presha huchimba viungo vya matofali, huchana nyuzi za mbao na kusukuma maji nyuma ya ukuta. Kwenye paa la vigae vya lami isikaribie hata kidogo. Ukitumia klorini kuua ukungu, lowesha mimea kwanza, na kamwe usiichanganye na siki wala amonia, gesi yake ni sumu. Chumvi iliyomwagwa njiani kuyeyusha barafu isuuzwe pia, lakini isielekezwe kwenye bustani.

Ngazi isimamishwe mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za urefu, juu ya ubao imara, kwa sababu ardhi ya wakati huu ni laini na mguu mmoja unaweza kuzama ukiwa juu.

Rangi ije mwisho kabisa. Aina nyingi zinataka nyuzijoto 10 au zaidi, usiku ukihesabiwa, na mbao iliyokauka mpaka ndani. Kama nyumba ni ya miongo mingi, pima kama rangi ya zamani ina madini ya risasi kabla ya kuikwangua, kwani vumbi lake ni hatari hasa kwa watoto. Ikibidi kungoja wiki kadhaa zaidi, ngoja tu, hata kama ukuta wa jirani tayari unang'aa.