Muswada wa tabianchi ujadiliwe bungeni, kifungu kwa kifungu

Mvua za masika zikishika kasi, Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam unafurika na Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani. Mabasi ya mwendokasi yanasimama, Magomeni na Kariakoo zinatenganishwa na maji. Si kwamba hatuna sheria. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Lakini aliyekwisha kujenga humo atahamishwa kwa fungu gani, na nani, na kwa muda gani? Swali hilo halikupata jibu ndani ya kifungu, na ndiyo maana mwishoni mwa 2015 bonde lilijaa alama za X kwenye nyumba za kubomolewa, na vilio.

Tanzania Bara inahitaji sheria mahsusi ya mabadiliko ya tabianchi, na inahitaji mjadala wa wazi wa Bunge kabla ya sheria hiyo. Sheria ya 2004 inaligusa jambo hili katika kifungu cha 75. Mengine yamo kwenye mikakati, ikiwemo ahadi ya 2021 ya kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Mkakati ni karatasi nzuri, lakini halmashauri isipoutekeleza haijavunja sheria yoyote, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hana kipimo cha kisheria cha kuibana.

Tazama asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ilipokuwa agizo tu, kila halmashauri ilitoa udhuru wake. Mwaka 2018 iliingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Tangu hapo Mkaguzi anahesabu shilingi, anataja halmashauri iliyopunguza, na mkurugenzi anaitwa kujieleza. Kusafisha mitaro kabla ya masika, kupanda mikoko, kutenga maeneo ya kuhamia watu wa mabondeni: haya nayo yanahitaji asilimia iliyoandikwa.

Biashara ya kaboni, yaani kuuza upunguzaji wa gesijoto unaotokana na miradi kama ya kutunza misitu, ni hivyohivyo. Kanuni zake za 2022 zilitungwa na Waziri. Kanuni hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali bila kupita hatua za muswada, na zinaweza kubadilishwa kwa njia ileile. Kenya, iliyokuwa na sheria ya tabianchi tangu 2016, iliirekebisha bungeni mwaka 2023: jamii inapata angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka ya mradi wa ardhi, gharama zikishaondolewa. Mtu anaweza kuibishia namba hiyo, lakini imepita mikononi mwa wabunge. Uganda nayo ina sheria yake tangu 2021.

Kuna wanaosema mbunge mmoja apeleke muswada binafsi. Anaweza, ila Ibara ya 99 ya Katiba itamkwamisha: Bunge halishughulikii kodi wala matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali mpaka Rais apendekeze kupitia kwa Waziri. Muswada binafsi utakuwa na malengo bila pesa. Kwa hiyo shinikizo lielekezwe Ofisi ya Makamu wa Rais, yenye dhamana ya mazingira. Na kwa kuwa mazingira si jambo la Muungano, Zanzibar ina sheria yake ya mazingira; uratibu wa mwambao unapaswa kuandikwa mapema, maana bahari haina mpaka huo.

Kubwa zaidi, muswada usiende kwa hati ya dharura. Hati hiyo hufupisha muda wa muswada kupita bungeni, na kinachoumia kwanza ni hatua ya kamati, ambako wadau husikilizwa. Mvuvi wa Kunduchi na mpangaji wa Kigogo wana nafasi hapo tu. Kwenye Kamati ya Bunge Zima, ambako muswada hupitiwa kifungu kwa kifungu, wanaozungumza ni wabunge.

Maoni ya kupeleka kwenye kamati yawe na umbo linaloweza kuingia kwenye jedwali la marekebisho, yaani orodha ya mabadiliko yanayopendekezwa kwenye muswada. "Tunaiomba Serikali izingatie mabondeni" haliingii popote. Taja namba ya kifungu, neno la kufutwa, neno la kuwekwa. Tafuta kwanza kila penye "Waziri anaweza" kuanzisha, kutenga au kutoa taarifa. Pendekeza "Waziri atatakiwa", kisha ongeza tarehe: taarifa ya utekelezaji imfikie Spika kabla ya mkutano wa bajeti wa Aprili, wakati mafungu ya fedha bado yanajadiliwa.