Timu za ridhaa zipewe muda

Makala ninayoijibu hapa inasifu kanuni mpya za injini katika mbio za pikipiki zenye kigari cha pembeni, lakini imepita haraka mno juu ya timu za ridhaa. Mashindano ya dunia, yaliyoanza 1949, yalipoacha injini za cc 1000 na kuhamia za cc 600, gharama haikuishia kwenye injini: mahali pa kuifunga kwenye fremu, sproketi (gurudumu la meno linalovuta mnyororo) na ekzosi navyo hubadilika, na abiria anayehamisha uzito wake kwenye kona hulazimika kujizoeza upya. Nikiwa fundi wa pikipiki hapa Tabora, ambako vipuri vingine husubiriwa kutoka Dar es Salaam, naona anayejigharamia mwenyewe anastahili misimu kadhaa ya kushindana kihalali akitumia chombo chake cha zamani.