Paka na Amplifaya Yangu

Jamani, mimi sijui nani alinituma kujiundia amplifaya. Dukani zimejaa, zina na vitaa vinavyochezacheza, unalipa unaondoka. Nikajifanya fundi: zile wati ni za kwenye boksi tu, naunda yangu! Nikaenda Kariakoo kutafuta transista za mwisho, zile zinazosukuma spika, 2SC5200 na mwenzake 2SA1943, maana hizi huenda mbilimbili kama kandambili. Muuzaji akaniapia ni orijino. Zikalia "pwa!" kabla wimbo haujafika kiitikio. Kurudi dukani: "Bosi, si umeunganisha mwenyewe?"

Jozi ya pili ikakubali. Ila ukipunguza sauti, mwimbaji anakwaruza kama ana mafua. Hilo nalijua: zile transista zinapokezana wimbi, moja ikichelewa kuamka ndiyo mkwaruzo. Dawa ni kuziongezea mkondo kidogo zisilale kabisa. Nikazungusha kirekebishi cha mkondo huo kwa bisibisi, kidogo, na kidogo tena. Mkwaruzo kwisha. Kupima sikupima, multimita betri yake ilikufa tangu mfungo.

Basi bati la kupozea transista likawa jiko. Paka akahamia pale juu, usiku na mchana. Mke wangu naye akaanza kuanikia soksi za mtoto.

"Mama Zuhura, hiyo ni mashine ya muziki!"

"Muziki upi, Baba Zuhura? Mbona hauna besi?"

Aliniuma, maana ni kweli. Spika mbili za inchi 8 zinalia kama simu! Wiki nzima nazilaumu kapasita za watu, vile vihifadhi umeme. Kumbe spika ya kushoto nimeigeuza nyaya: hii ikisukuma hewa, ile inavuta, besi zinauana katikati ya sebule. Nimeligundua kwa betri ya saa ya ukutani. Chanya kwa chanya, koni moja ikasogea mbele, nyingine ikarudi nyuma kama mtu aliyemwona anayemdai.

Nikageuza. Vikombe kabatini vikaitikia! Kwa furaha nikanunua na betri ya multimita, nikapima ule mkondo wa transista kwenye rezista yake, kizuizi cha umeme, ya 0.22 omu: milivolti 70. Mungu wangu, zaidi ya miliampea 300! Nikashusha mpaka milivolti 11, ambayo ni miliampea 50. Bati likawa vuguvugu tu, sauti maji ya kunywa.

Sasa nimekaa nasikiliza taarabu yangu. Paka kapanda juu ya bati, kakaa kidogo, kashuka, ananitazama. Mama Zuhura anazigusagusa soksi.

"Baba Zuhura, hii mashine umeiharibu lini?"