Anafeli Fizikia au anafeli Kiingereza?

Tangu 1967, shule za msingi za serikali Tanzania hufundisha kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Mtoto anamaliza msingi anajua KDS (kigawe kidogo cha shirika), KKS (kigawo kikubwa cha shirika), kani na usanisinuru. Akiingia Kidato cha Kwanza, vyote vimebadilishwa majina. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kitumike kufundishia hadi sekondari, serikali ikakataa. Sera ya elimu ya 2014 ikaruhusu lugha zote mbili. Mtaala ulioanza 2024 umekibakiza Kiingereza sekondari, ila somo lake sasa linaanza Darasa la Kwanza.

Wakati mjadala ukiendelea juu, darasani lugha zote mbili zinatumika kila siku. Mwalimu anaanza kwa Kiingereza, darasa kimya. Anahamia Kiswahili, mikono inanyooka, maswali yanakuja. Dakika kumi za mwisho anaandika notsi ubaoni kwa Kiingereza, wanakopi. Kilichoeleweka kilisemwa kwa Kiswahili, kilichobaki daftarini ni Kiingereza, na mtihani unauliza cha daftarini. Ndipo mtoto anakariri. Swali likija kama lilivyo kwenye notsi, anapata. Likigeuzwa kidogo, ananakili maneno ya swali na kuyaita jibu.

Wengi hudhani Hisabati imesalimika kwa kuwa ni namba. Mpe mwanafunzi “5 less than x”. Atafuata mpangilio wa maneno aandike 5 − x, au akione kile “less than” aandike 5 < x. Jibu ni x − 5, na kutoa anakujua tangu madarasa ya mwanzo. Hivyo hivyo “state” (taja) na “explain” (eleza): kote anaorodhesha pointi, na kwenye “explain” alama za sababu zinampita. Lakini tusisingizie lugha kila kitu. Kumweleza mtoto kwamba aliyesimama na gunia la kilo 50 kichwani hafanyi kazi yoyote kifizikia ni kugumu hata kwa Kiswahili.

Wanaotaka Kiswahili wana hoja nzito. Istilahi si kisingizio tena: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Historia ya Tanzania na Maadili inafundishwa sekondari kwa Kiswahili. Wanaotetea Kiingereza nao hawabahatishi. Vyuo vikuu vinafundisha kwa Kiingereza, na mwalimu wa Fizikia mwenyewe aliisoma kwa Kiingereza, kwa hiyo istilahi za Kiswahili zinamtoa jasho. Hoja yao kubwa zaidi ni ya tabaka: wenye fedha wataendelea kupeleka watoto “English medium”, na mtoto wa mkulima ndiye atakayekosa lugha inayodaiwa kwenye usaili. Hiyo naikubali. Ninachokikataa ni dhana iliyojificha ndani yake, kwamba kufundishwa kwa lugha fulani ni sawa na kufundishwa lugha hiyo. Anayekopi asichokielewa anajifunza kukopi.

Kozi ya Kiingereza ya wiki za mwanzo za Kidato cha Kwanza inasaidia, ila mara nyingi inaishia kwenye nyakati za vitenzi, wakati Biolojia inadai kueleza sababu na kulinganisha. Kila mwalimu wa somo anaweza kufanya hivi: achague maneno manane hadi kumi ya mada, ayaandike ubaoni kwa lugha zote mbili na kuyatamkisha. Wanafunzi wajadili kwa vikundi kwa Kiswahili, kisha kila mmoja aandike sentensi tatu za Kiingereza zake mwenyewe, kabla ya notsi. Wanaokwama wapewe mwanzo: “The pressure increases because…” Hiyo inakula robo ya kipindi cha dakika 40, na kwenye darasa la watoto 70 kusahihisha ni mzigo. Kukusanya madaftari ya mstari mmoja tu wa madawati kila kipindi kunapunguza, hakumalizi.

Kubwa zaidi ni karatasi ya mtihani. Upimaji wa Kidato cha Pili ungeweza kuchapwa kwa lugha mbili, upande kwa upande, kwa Hisabati na sayansi, mwanafunzi ajibu kwa anayoiweza. Kiingereza kipimwe kwa ukali kwenye somo lake. Gharama ya uchapaji itapanda, na wapo watakaosema tunawachelewesha. Kuchelewa miaka miwili ni nafuu kuliko kufika Kidato cha Tatu huna Fizikia wala Kiingereza. Kinachonitia wasiwasi ni tafsiri. Isifanywe na mtu wa lugha peke yake wala mtu wa somo peke yake, na ijaribiwe kwa wanafunzi kabla ya kuchapwa: “toa 5 kwenye x” ikigeuka “toa x kwenye 5”, watoto wa nchi nzima wanakosa swali moja kwa asubuhi moja, na safari hii Kiingereza hakina la kulaumiwa.